Somo la foto: namna ya kuhesabu sahani ndani ya depo yenye giza



Wengi wametuuliza foto zile nne zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango wa refektwari, ziko na maana gani. Ni sahani tu, vikombe, masufuria na vitanda, vyote kwa safu, na hakuna hata mtu mmoja ndani. Mdogo wetu wa darasa la chini alituuliza: «Doyeni, mulikosa watu wa kupiga foto?» Hatukukosa watu. Tunataka kueleza hapa kazi hii ilifanywa namna gani, ili wale walio na aparei ao telefone nyumbani waweze kuifanya nao. Tunaeleza pia kwa sababu kazi hii inagusa mfuko wa kila mzazi aliye na mtoto katika enternati.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwisho wa mwaka vyombo vya refektwari vinahesabiwa na kulinganishwa na daftari la depo. Vilivyopungua vinalipwa na wanafunzi wote wa enternati, kila mtu sehemu yake. Kulipa kitu kilichopotea ni haki. Lakini kila mwaka kunakuwa maneno: wanafunzi wanasema sahani hizo hazikuwako tangu mwanzo, daftari linasema zilikuwako, na shahidi hakuna. Ndipo kamati yetu ilipoomba ruhusa kwa Bwana Prefe na kwa Bwana Ekonomu kupiga foto ya vyombo vyote siku ya kwanza ya trimestri, kabla mtu hajala hata mara moja. Walikubali, na Bwana Ekonomu mwenyewe alitufungulia mlango wa depo.

Mtu asidhani kwamba wazo hili lilizaliwa kwetu. Lina umri karibu sawa na foto yenyewe. Mwingereza mmoja, William Henry Fox Talbot, alikuwa na nyumba kubwa inayoitwa Lacock Abbey. Katika mwezi wa Agosti 1835 aliweka kisanduku kidogo cha mbao chenye lensi ndani ya chumba, akakielekeza kwenye dirisha la vioo vidogo vidogo vilivyopangwa kama wavu. (Mke wake aliviita visanduku hivyo mitego ya panya.) Alipata picha ndogo sana, kubwa kidogo tu kuliko tembre ya posta, na juu yake aliandika kwamba vioo vile, karibu 200, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa lensi ya kukuzia. Ile ndiyo negatifu ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Angalieni basi: negatifu hiyo ya zamani ilipigwa ndani ya nyumba, ni ya kitu cha kila siku kinachojirudia, na jambo la kwanza ambalo mwenyewe aliliwaza ni kuhesabu!

Miaka michache baadaye Talbot alitoa kitabu kwa vipande, kati ya 1844 na 1846, jina lake The Pencil of Nature. Ndani yake kuna foto ya vyombo vya udongo wa thamani vilivyopangwa juu ya mbao za kabati, safu juu ya safu. Alieleza kwamba kabati nzima inaingia ndani ya foto kwa muda usiozidi sana ule wa kuandika orodha ya vyombo. Tena mwizi akija kuviiba, foto ile isiyo na mdomo inaweza kupelekwa mbele ya mwamuzi iwe shahidi. Hilo ndilo tulilolihitaji sisi. Lakini katika kitabu hicho kuna pia foto ya vitabu juu ya rafu, inayoitwa chumba cha vitabu, na vitabu vile alivitoa nje uwanjani, kwa sababu mwanga wa chumbani haukumtosha. Sisi hatukuweza kutoa vyombo vyote vya shule nje wakati wa mvua. Ilifaa tuushinde mwanga mdogo pale pale ndani.

Depo yetu mnaijua, ao angalau wale waliopata kazi ya kubeba unga wanaijua. Iko na dirisha moja dogo lenye nondo, upande wa bonde. Taa haimo. Mtu akiingia kutoka juani haoni kitu. Akingoja kidogo macho yanaanza kuzoea, na kisha dakika ishirini ao thelathini anaona vizuri, hata anasema: «Kumbe hakuna giza.» Jicho linamdanganya kwa wema wake. Aparei haizoei namna hiyo, inapokea tu kile kinachoingia.

Wale wa fizika wafuate hesabu hii. Nje, jua likiwa kali na juu kabisa, mwanga unafika karibu luksi 100 000. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo tunaweza kukadiria luksi 50. Maana yake ni kwamba mwanga umepungua mara 2 000. Mkigawanya kwa mbili, tena kwa mbili, mnafika pale kwa hatua 11, maana 2 ikizidishwa yenyewe mara 11 ni 2 048. Wapiga foto wanahesabu kwa hatua hizo. Juani, kwa ISO 100, tundu la lensi likiwa 16, inatosha 1/100 ya sekunde. Ndani inafaa turudishe hatua 11 mahali fulani. Namba za tundu ni 16, 11, 8, 5,6, 4 na 2,8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, na kila hatua inaingiza mwanga mara mbili. Tukifungua toka 16 hadi 4 tumepata hatua 4. Saba zinazobaki tunazichukua kwa muda: toka 1/100 ya sekunde tunafika karibu sekunde 1 na robo.

Sekunde 1 na robo! Hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kutulia hivyo. Kwa lensi ya kawaida, chini ya 1/50 ya sekunde mkono unaanza kuharibu, na kwa 1/15 karibu kila mtu anapata sahani zenye kingo mbili. Hapo wengi wanakimbilia njia mbili zilizo rahisi, na zote mbili hazikufaa kazi yetu.

Njia ya kwanza ni kupandisha ISO, 1600 ao 3200. Aparei inakubali, foto inatoka, lakini imejaa chembechembe kama mchanga. Kwa foto ya sikukuu si neno. Kwa foto ya kuhesabu, chembechembe zinakula ukingo wa sahani ya mbali, na pale ambapo sahani mbili zinagusana huwezi tena kusema kama ni mbili ao moja.

Njia ya pili ni flashi, nayo tunataka kukaa juu yake kidogo, maana wengi wanaiamini kupita kiasi. Mwanga wa flashi unatoka mahali padogo, na unapungua kwa mraba wa umbali. Sahani iliyo metre 1 toka aparei ikipata mwanga wote, ile ya metre 2 inapata robo, na ile ya metre 3 inapata sehemu moja ya tisa. Kwa uso wa mtu mmoja haionekani, maana uso wote uko kwa umbali mmoja. Lakini kwa safu ya vitu vinavyofanana ni msiba: sahani za mbele zinakuwa nyeupe kama chaki, za nyuma zinaingia gizani, na jicho linafikiri ni sahani za namna mbili. Tena sahani zetu ni za emaye, zinarudisha flashi kama kioo, doa jeupe katikati ya kila moja. Na flashi inapiga toka mbele, kwa hiyo inafuta kivuli chembamba kilicho chini ya ukingo. Kivuli kile ndicho kinachomwonyesha mtu kwamba kitu ni mviringo na kimeachana na jirani yake. Ukikiondoa, unabaki na madoa meupe juu ya meza.

Kwa maoni yetu, ndani ya chumba chenye giza tusiongeze nguvu ya mwanga, tuongeze muda. Mtu hawezi kutulia sekunde tano, lakini sahani inaweza. Haipumui, haipepesi macho, haichoki. Katika vitu vyote vya kupigwa foto gizani, vyombo vya nyumbani ndivyo vyenye subira kuliko vyote. Kwa hiyo aparei nayo itulie sawa na sahani.

Miguu mitatu ya kusimamishia aparei hatuna. Tulichukua ngazi ya fundi, tukaifunga kwa kamba kwenye nguzo, na juu yake tukaweka kifuko cha kitambaa chenye maharagwe kilo 2. Aparei ikikandamizwa ndani ya maharagwe inakaa kama yai ndani ya kiota, na unaweza kuielekeza unavyotaka. (Maharagwe yamerudishwa kwa Mama mpishi, yote, asiwe na wasiwasi.) Kisha hatukubonyeza kitufe kwa kidole, maana kidole kinatikisa. Tulitumia saa ya ndani ya aparei, ile inayongoja sekunde 10 kabla ya kupiga. Telefone nyingi ziko nayo pia. Wakati wa sekunde hizo wote walisimama bila kutembea, kwa sababu sakafu ya mbao inapeleka mtetemo.

Kwa kuwa aparei imetulia, tuliweza kufunga tundu hadi 8. Hatua mbili zaidi, basi muda ukawa karibu sekunde 5. Kwa nini kulifunga wakati mwanga ni mdogo? Kwa sababu tundu kubwa linafanya umbali mmoja tu uwe safi, na safu za mbele na za nyuma zinakuwa na ukungu. Tundu dogo linapanua sehemu iliyo safi. Hata hivyo tulilenga safu ya nne kati ya kumi na mbili, wala si ya kwanza, ili usafi ugawanyike mbele na nyuma. Wenye telefone hawawezi kubadili tundu, lakini hawana hasara kubwa, maana lensi ndogo ya telefone yenyewe inaonyesha safi mbele na nyuma. Wao waweke kidole juu ya safu ya katikati, wakishikilie mpaka aparei ifunge kipimo, kiisha wapige. Na wasitumie kule kukuza picha kwa vidole viwili. Kule ni kukata tu vipande vya picha. Afadhali wasogee.

Kuna jambo lingine la ajabu ambalo foto ya kwanza ilituonyesha. Sahani nyeupe zilitoka na rangi ya majivu. Aparei haikuharibika. Kipimo chake cha mwanga kimefundishwa kwamba dunia yote, ukiichanganya, ni kijivu cha katikati. Ikiona meza iliyojaa vitu vyeupe inasema mwanga umezidi, inapunguza. Ikiona masufuria yenye masizi inasema mwanga hautoshi, inaongeza, na masufuria nayo yanatoka kijivu. Kwa sahani inafaa kuongeza hatua moja juu ya kile aparei inachosema, na kwa masufuria kupunguza hatua moja. Kwa vitu vilivyochanganyikana hili halionekani sana, lakini kitu kimoja kikijirudia mara mia, kosa la kipimo linajirudia pamoja nacho.

Sasa mpango. Tulitandika blanketi la kahawia juu ya meza mbili, maana nyeupe juu ya nyeupe haionekani, tukapanga sahani 15 kwa kila safu, tukiacha nafasi ya vidole viwili kati yazo. Safu zikanyooshwa kwa uzi wa mwashi. Mwenzetu mmoja alisema tunapoteza wakati, sahani ni sahani hata zikikaa ovyo. Lakini foto yenyewe ilimjibu. Vitu vilivyo ovyo jicho linavipita kama majani ya mti. Vikiwa kwa safu, jicho linashika mwendo kama sikio linavyoshika ngoma, na pale mwendo unapokatika linasimama lenyewe. Katika safu ya saba iko sahani moja yenye ukingo uliobanduka. Kila mtu aliyekuja mbele ya ubao alionyesha ile kwanza, bila kuambiwa.

Aparei iliwekwa juu, ikitazama chini. Ikitazama sawasawa kabisa toka juu, sahani zote zinakuwa na ukubwa mmoja na hesabu ni rahisi. Ikitazama kwa mshazari, safu zinakimbia kama njia ya gari-moshi na foto inapendeza zaidi, lakini sahani za nyuma zinafunikana. Tulipiga zote mbili. Ile nzuri tuliibandika kwenye ubao, ile ya sawasawa iko ndani ya kabati ya Bwana Ekonomu.

Na dirisha tulilitumia kama taa. Kwanza tuliliosha, maana vumbi la unga lilikuwa limelifunika, na kuosha tu kulitupatia mwanga ambao hatukutazamia. Meza ziliwekwa ili mwanga uje toka ubavuni, ndipo vivuli vya kingo vinaonekana. Upande wa pili, mbali na dirisha, wenzetu wawili walishika shuka nyeupe, ikarudisha mwanga juu ya sahani zilizo kivulini. Msiidharau shuka. Saa nayo ina maana: dirisha lile linatazama mashariki, kwa hiyo saa moja asubuhi jua linaingia moja kwa moja na nondo zinachora mistari myeusi juu ya sahani, sawa na punda milia. Tulingoja saa nne, wingu lilipofunika. Wingu ni rafiki, mwanga wake hauna makali.

Foto ya vikombe ilipigwa refektwari, usiku, chini ya neoni, wakati jenereta inatembea. Hapo kuna shida ya namna nyingine. Umeme wa nchi yetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, na jenereta nyingi zinafuata mwendo huo, basi neoni za namna ya zamani zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni. Aparei ya dijitali ikipiga kwa haraka sana inaona, na inaweka mikanda ya giza juu ya foto, mtu anafikiri ni kivuli. Dawa ni kupiga kwa 1/50 ya sekunde ao polepole kuliko hapo. Tena msichanganye neoni na mwanga wa dirisha ao taa ya mafuta, maana kila mwanga una rangi yake, na vikombe vya upande mmoja vitatoka vya manjano na vingine vya buluu.

Vitanda vya dortwari vilitupa shida moja tu, nayo ni vyandarua. Matundu madogo ya chandarua yanajirudia, na vipokeo vya mwanga ndani ya aparei navyo vimepangwa kwa safu zinazojirudia. Safu hizo mbili zikikutana zinazaa mawimbi ambayo hayako duniani. Mkitaka kuyaona kwa macho, wekeni vyandarua viwili kimoja mbele ya kingine na kuvisogeza. Tulisogea nusu metre mbele, yakapotea. Vyandarua vingine vilikunjwa tu.

Sasa matokeo, ambayo wengi wanayangojea. Daftari liliandika sahani 186. Kwenye foto ziko 174, safu 11 za sahani 15 na safu ya mwisho ya 9. Walihesabu Bwana Ekonomu, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili, kila mtu peke yake na kalamu yake, wote wakapata 174. Bwana Ekonomu alitafuta ndani ya daftari akaona kwamba namba 186 ilikuwa inanakiliwa mwaka kwa mwaka, na sahani zilizotoboka na kutupwa hazikuondolewa. Alisahihisha mbele yetu, akaweka sahihi na tarehe, nasi tunamshukuru kwa hilo. Kwa hiyo sahani 12 hizo hazitadaiwa kwa mwanafunzi yeyote mwaka huu. Vikombe vilipatana na daftari. Masufuria pia.

Mtu asiipe foto kazi isiyo yake. Haisemi nani alichukua sahani. Haionyeshi sahani iliyo chini ya sahani nyingine, ndiyo maana hatukuruhusu kupandanisha hata mbili. Haionyeshi mgongo wa kitu, na kikombe kinaweza kuwa kimetoboka chini na kupendeza juu. Na siku haijulikani kwa kuangalia foto, ndiyo maana pembeni mwa meza kuna karatasi yenye tarehe na majina ya waliokuwapo, wakapigwa pamoja na sahani. Wale walionung'unika kwamba karatasi ile inaharibu uzuri wa picha wamesema kweli, inauharibu. Itabaki.

Kwa sababu gazeti letu linazidishwa kwa stensili, foto haziwezi kuingia ndani, zingetoka nyeusi kama masizi. Zitabaki kwenye ubao hadi mwisho wa mwezi. Foto za pili zitapigwa Jumamosi ya mwisho kabla ya mitihani, saa nne asubuhi, kwa ngazi ile ile, mahali pale pale, tundu 8, sekunde 5. Sahani zote zirudishwe depo Ijumaa jioni, hata zile zinazolala chini ya vitanda vya dortwari pamoja na mihogo. Tunahitaji watu wanne wa kupanga, na shuka mbili nyeupe. Ziwe zimefuliwa.